Jerikeni la Wadudu Wema

Ndugu zangu, kuna aibu ambayo mtu huificha mpaka anaingia nayo kaburini, na kuna nyingine ambayo haifichiki kwa sababu watu wamekwisha kuinusa. Yangu ni ya aina hiyo ya pili. Mimi ni msomaji wa kanisa huku upande wa Nagongera, Uganda, nimehubiri dhidi ya pombe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na siku moja mchana kweupe, pale mpakani Busia, mbele ya maofisa na wasafiri na mizigo yao, nilinuka malwa, ile pombe ya wimbi, kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. Sikuwa nimelewa. Nalisema hili mapema kwa sababu habari iliyowafikia wengi wenu ilikuwa na maneno mengine.

Na yote yalitokana na jambo dogo sana: nilikataa kusema neno "uji".

Kabla sijaendelea, niseme kwamba Athieno ameniruhusu kuandika haya. Athieno ni binti yangu, kitinda mimba wetu, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimsomea ukurasa wa kwanza, akasahihisha herufi mbili tatu (ualimu haumtoki mtu hata akiwa mgonjwa), akaniambia, "Andika yote, Baba. Pengine kuna mwenzangu amejifungia ndani mahali fulani." Kwa hiyo naandika yote.

Athieno anaugua utumbo. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wa kurogwa kama walivyodai majirani. Ni utumbo mkubwa kuvimba kwa ndani na kutoka vidonda, damu inatoka pamoja na choo, na haja ikija haimngoji mtu amalize sentensi, sembuse kipindi cha hesabu. Aliacha kufundisha. Kisha akaacha kuja kanisani, kwa kuwa choo cha kanisa letu kiko mbali, ng'ambo ya makaburi. Kisha akaanza kuacha kula, ili kusiwe na cha kutoka. Mtoto niliyembeba mabegani akawa mwepesi kuliko alivyokuwa akisoma darasa la sita.

Mungu ni mwema, tulipata daktari wa matumbo anayekuja Busia, upande wa Kenya, siku moja kila mwezi, anaona wagonjwa mpaka adhuhuri, kisha anaondoka. Alimpa Athieno dawa, na dawa zilikuwa zimeanza kumshika vizuri. Lakini mwezi uliotangulia safari hii Athieno aligeuka njiani, maana tumbo lilimchezea karibu na Tororo na gari lilikuwa na watu, na alipofika nyumbani hakutoka chumbani siku nzima. Sasa dawa zilikuwa zinakwisha, na daktari asingeandika nyingine bila kumwona. Athieno alikubali kwenda, ila kwa sharti moja. "Nikiaibika njiani tena, nageuka," alisema, "na usinibembeleze tena, Baba." Anafanana na mama yake. Akisema jambo, limesemwa.

Sasa nije kwenye wadudu.

Safari ya kwanza tulipomwona daktari yule, nilimuuliza (mimi huuliza, hata mahubirini huwa nauliza) kama hakuna dawa nyingine mbele ya safari, dawa ya kumaliza kabisa. Alikuwa mtu mpole, akaweka kalamu chini. Akasema tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria wengi, na wengi wao ni wema, wanalinda nyumba. Kwa mtu kama Athieno, nyumba inawaka moto na wale wema wanapungua. Mtu anaweza kunywa wengine, wako hata kwenye maziwa lala na uji mchachu, lakini wengi hufa njiani kwa ukali wa tumbo, na wanaofika hukuta moto. Basi kuna watafiti wanaojaribu kuwavalisha wale wema koti la chembe ndogo mno, chembe za nano, ndogo kuliko bakteria mwenyewe, ili wafike salama. Na chembe hizo hizo zikifika zinafyonza ile sumu ya moto na kuupunguza uvimbe.

Nilimuuliza mtu anamvalishaje koti kitu kisichoonekana. Akasema koti lenyewe ndilo halionekani kabisa.

"Na dawa hiyo inapatikana wapi?" nikauliza.

"Bado, mzee. Kwa sasa wanapewa panya kwenye maabara."

Usiku ule niliwaombea panya wale, jambo ambalo halikuwa rahisi, kwa kuwa panya wa kwetu walikuwa wamekula wimbi letu nusu ya gunia.

Tatizo langu lilianzia kwenye lugha. Huku kwetu kitu chochote kidogo chenye uhai tunakiita mdudu. Malaria ni mdudu, mafua ni mdudu, jino likioza limeliwa na mdudu. Kwa hiyo daktari alisema bakteria wema, mimi nikapeleka nyumbani wadudu wema, na njia yote kutoka Busia nilikuwa nikitafakari. Tafakari ya mzee asiye na shughuli za haraka ni jambo la kuogopwa.

Nikapanga hivi. Wadudu wema wako kwenye uji mchachu, daktari mwenyewe amesema. Uji mchachu ninaweza kuutengeneza. Chembe ndogo mno ninazo pia, yaani majivu ya maganda ya maharagwe, yale ambayo mama zetu huchuja maji yake wakapikia kunde zikalainika. Nikayachekecha kwa kitambaa, nikayachekecha tena, mpaka yakawa laini hivi kwamba nilipopiga chafya yalipotea yote, ikabidi nianze upya. Sikuwa na hakika kwamba nimefika kwenye nano, lakini nilijua nimekaribia.

Wala sikukusudia kumnywesha mtoto kitu kisicho na ruhusa. Hilo naomba lieleweke. Nilikusudia kumpelekea daktari aone, atie baraka yake, na pengine awaandikie wale wenye panya kwamba Nagongera pia tunafikiri.

Uji niliupika kwa unga wa wimbi, nikautia kimea ili uchache haraka. Mama Athieno alipita, akachungulia, akauliza nimetia kimea kiasi gani. Nikamwambia cha kutosha. Akasema "Haya," akaenda zake shambani. Mtu aliyewahi kupika malwa angejua kwamba wimbi na kimea vikiachwa pamoja siku nyingi mahali penye joto haviishii kwenye uji. Mimi sikuwahi kuipika. Nilikuwa nimekaa mbali na malwa maisha yangu yote, hata harufu yake niliijua kwa mbali tu, kwa jirani.

Siku moja kabla ya safari nilionja kikombe kimoja kikubwa, kwa kuwa si haki kumpelekea mtu kitu usichokijua. Nilijisikia vizuri sana. Jioni ile niliimba tenzi zote, na zile beti za katikati ambazo siku zote tunaziruka niliziimba mara mbili. Nikachukua hiyo kuwa ishara.

Majivu niliyatia asubuhi ya safari, ili koti liwe jipya. Uji ulitoa povu na sauti ya shhh, kama mama anayenyamazisha watoto ibadani, nami nikasimama pale nimekunja mikono, nikasema moyoni, wanavaa. Kisha nikakumbuka kwamba wale wema hufa njiani. Nikaweka karatasi ya nailoni mdomoni mwa jerikeni, nikafunga kifuniko juu yake, nikazungusha mpira wa tyubu kama vijana wa bodaboda wanavyofunga mizigo, nikakaza kwa goti.

Athieno aliniuliza ndani mna nini. Nikamwambia ni kitu cha kumwonyesha daktari. Alikuwa na mawazo yake, hakuuliza tena.

Tulikodi gari la Oketcho, muumini mwenzetu, ili tuwe peke yetu na tusimame Athieno anapotaka. Tulisimama kabla ya Tororo, tukasimama tena mbele yake, na kila mara Oketcho alishuka akafungua boneti na kukagua injini iliyokuwa nzima kabisa (Mungu amlipe). Jerikeni lilikuwa kati ya miguu yangu, likipata joto. Tulipokaribia Busia niliona limenenepa. Nilidhani labda nilikuwa nimelisahau umbo lake.

Gari la Oketcho halikuwa na karatasi za kuvuka, akabaki upande wetu. Mimi na Athieno tukaingia kwa miguu, vitambulisho vyote viwili na barua ya daktari vikiwa mfukoni mwangu. Foleni ilikuwa fupi. Athieno alikuwa amejifunga kitenge cha rangi ya udongo, uso umetulia. Nilimwona kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Ofisa wa mizigo alikuwa kijana Mkenya mwenye adabu. Akatusalimia, akauliza habari ya safari, tukamshukuru Mungu pamoja.

"Mzee wangu, uko na nini kwa hiyo jerikeni?"

Hapa ndipo, ndugu zangu. Kama ningesema "uji", angeitikia kwa kichwa, tungepita, Athieno angemwona daktari mapema, na mimi leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini niliona uji ni kitu cha kunywa, na hiki kilikuwa zaidi ya uji, na mtu akisema nusu ya kitu amedanganya ile nusu nyingine. Nimelelewa katika mafundisho ya kweli tupu. Nikaamua kusema kweli tupu.

"Ni wadudu," nikasema.

"Wadudu?"

"Wazuri."

Akanitazama. "Wako hai?"

"Natumaini hivyo. Ndiyo sababu nimewafunga."

"Ni wa kufanya nini, mzee?"

"Wa kutia tumboni." Na kwa kuwa nilimwona hajaelewa vizuri, nikaongeza, "Wamevalishwa."

Kijana akamgeukia Athieno kwa huruma nyingi, kama mtu anayemwona mtoto wa mzee aliyeanza kupotewa. Athieno alikuwa akinitazama pia. Kisha kijana akatuomba tusimame kando, wote wawili, tusiguse jerikeni wala tusiende popote, akachukua simu akamwita madam anayehusika na mimea na wadudu wa kuvuka mpaka. Nilisikia akisema, "Hapana madam, si nzige. Anasema ni wa tumbo."

Nyuma yetu alikuwa mwanamke wa upande wa Kenya, mfanyabiashara, mnene wa sauti na wa mwili, ana kreti za nyanya na leso begani. Baadaye tulimjua kwa jina la Mama Nekesa. Alikuwa amesikia kila neno na hakuona sababu ya kuficha.

"Mimi wangu nilifukuza na dawa," aliwaambia watu wa foleni, "mzee anapelekea wengine mpaka Kenya."

Watu wakacheka. Nami nikatabasamu kwa subira, kama inavyompasa mzee. Lakini Mama Nekesa alikuwa bado ananikagua.

"Mzee, si wewe ulihubiri hapa sokoni mwaka jana? Ukasema tuvunje vyungu vya pombe?"

Nikakiri kwamba ni mimi, na moyo wangu ukapata nguvu kidogo.

"Mimi nilivunja vyangu vyote. Nilikuwa napika malwa, watu wanatoka mpaka Lunyo kuja kunywa kwangu."

"Mungu akubariki, mama."

"Alinibariki na nyanya," akasema, akazitazama nyanya zake bila furaha kubwa. Kisha akalitazama jerikeni langu. Akalitazama muda mrefu, akainama, akazisogeza kreti zake kando. Sikumuuliza kwa nini.

Madam hakuja upesi. Nikaona nirekebishe mambo, nikamwita yule kijana kwa upole, nikamwambia kwa kweli kile kitu ni uji.

"Lakini umesema ni wadudu."

"Ni uji wenye wadudu."

"Basi huo uji uko na wadudu, mzee. Ngoja tu madam."

Ndipo Athieno aliponishika kiwiko. "Baba," akasema kwa sauti ya chini, "nataka kwenda."

Nilijua maana yake. Choo kilikuwa pale pale, mlango unaonekana nyuma ya kijana. Nikamwomba amruhusu binti yangu apite. Akasema kwa heshima kwamba madam yuko njiani, na hawezi kumwachia mtu aliyekuwa na mzigo huo kabla haujakaguliwa, maana hajui wadudu wenyewe wanaambukiza au vipi. Nikasema ana haraka. Akasema, "Hapa kila mtu ana haraka, mzee wangu."

Nilipaswa kumwambia. Neno moja tu, kwamba huyu ni mgonjwa. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, Mama Nekesa alikuwa hatua moja kutoka kwetu, na Athieno alinikazia macho nisiseme. Nikanyamaza. Ukweli wangu wote nilikuwa nimeumalizia kwenye uji.

Madam akafika, mama wa makamo mwenye miwani na glavu mkononi, akauliza wadudu wako wapi. Kijana akaonyesha. Wakati ule ule mkono wa Athieno ukalegea kwenye kiwiko changu.

"Baba," akasema, "nimechelewa."

Alisimama wima, hakusogea hata kidogo, anatazama sakafu. Nikajua safari yetu imekwisha. Nikajua tunageuka, na kwamba baada ya leo mlango wa chumba kile hautafunguka kwa maneno yangu wala kwa maombi yangu. Madam akasema, "Fungua tuone, mzee," na mimi nikainama, kwa kuwa mikono ilihitaji pa kushika na macho yalihitaji pa kutazama, nikaanza kuufungua mpira wa tyubu.

Nilifika nusu tu.

Kifuniko kilipiga dari. Kilichofuata kilikuwa uji, wote, kwa mara moja, wa rangi ya udongo, wenye joto kiasi, ukapanda, ukatawanyika, ukashuka juu yetu kama mvua ya masika. Madam aliupata kwenye miwani. Kijana aliupata kwenye shati. Mimi niliupata kila mahali. Athieno, aliyekuwa amesimama karibu nami kuliko wote, alilowa kuanzia kifuani mpaka viatuni, na kitenge chake chote kikawa rangi moja.

Kisha harufu ikafika.

Mama Nekesa, ambaye nyanya zake zilikuwa zimepona, alinusa hewa, akafumba macho, akanusa tena.

"Mzee," akasema, "hii ni malwa."

"Ni uji," nikasema. Sasa nilikuwa tayari kulisema neno lile, na hakukuwa na mtu wa kuniamini.

"Mimi nimepika hii kitu tangu nikiwa msichana. Hii si uji. Hii imeiva." Akawageukia watu. "Angeniambia inaitwa wadudu, nisingevunja chungu hata kimoja."

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Kilitoka kwenye foleni, kikaenda mpaka kwa madereva wa malori huko nje, ambao hawakujua wanachocheka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, kimea kinanitiririka nyuma ya masikio, mhubiri wa kiasi.

Hata hivyo niliona jambo moja. Hakuna mtu aliyekuwa akimtazama Athieno kwa namna aliyoiogopa. Walimwona binti aliyemwagiwa uji na baba yake. Lililo chini ya uji lilikuwa limefunikwa, na pale hapakuwa na mtu wa kusema kipi ni kipi. Wako wanaosema nilifanya kusudi, nilimwokoa mtoto wangu. Ningependa iwe hivyo. Mimi nilikuwa nafungua jerikeni tu.

Madam akafuta miwani akasema, "Huyu dada apelekwe akaoge, jameni," na mlango uliokuwa haupitiki ukafunguka mara moja. Mama Nekesa akaacha kreti zake, akavua leso begani, akamfunika Athieno, akaenda naye. Mimi nikabaki najibu maswali. Niliyajibu kwa neno moja moja.

Baada ya muda nikasikia kicheko kutoka bafuni. Zilikuwa sauti mbili. Ya Mama Nekesa niliijua. Ile nyingine ilinichukua muda kuitambua, kwa kuwa ilikuwa haijasikika nyumbani kwetu tangu kabla ya ugonjwa.

Athieno alinisimulia baadaye. Walipoanza kufua kitenge Mama Nekesa aliona damu, akaacha kusugua, akamtazama. Athieno hakuwa na pa kukimbilia, akamweleza yote, mtu asiyemjua kabisa. Mama Nekesa akasikiliza, akaongeza sabuni. "Ni tumbo tu, dada," akamwambia. "Baba yako ndiye ako na kesi."

Alipotoka amejifunga leso ya watu, kitenge kimebanwa kwenye mfuko, sikuweza kumtazama usoni. Nikamwambia Oketcho yuko pale pale upande wetu, nimwite atugeuze nyumbani.

"Tugeuke kwa nini?"

"Ulisema ukiaibika njiani..."

"Aliyeaibika ni wewe, Baba. Mimi nimelowa tu." Akanyoosha mkono. "Nipe barua. Daktari anaondoka adhuhuri."

Nikampa barua na kitambulisho. Akaenda na Mama Nekesa, ambaye nyanya zake zilikuwa zinaelekea upande ule ule, na mtoto aliyekuwa havuki hata barabara ya Nagongera bila mimi akavuka mpaka wa nchi bila kugeuka nyuma. Mimi sikwenda, kwa sababu madam alikuwa amenipa dekio. Nilideki ukumbi wote, na nilideki kwa shukrani. Wapita njia walinihurumia, wakasema ni mlevi anayetumikia adhabu.

Nilipofika kwa daktari alikuwa anamaliza na Athieno, dawa zimekwisha kuandikwa. Akainua pua kabla ya kuinua kichwa.

"Mzee, umekunywa?"

"Nimemwagikiwa," nikasema, nikamweleza yote, uji, majivu, koti, mpira wa tyubu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema chembe zile hutengenezwa maabara na watu wanaopima kila kitu, na majivu hayakaribii hata mlango wake. Tena majivu na pombe kwenye utumbo wenye vidonda, hapo akaacha kusema, akatikisa kichwa. Akauliza kama kuna mtu yeyote ameinywa. Nikakiri kikombe kimoja, mimi mwenyewe, kwa kupima.

"Basi panya ni wewe," akasema.

Athieno akacheka tena, mbele yangu safari hii. Kisha daktari akawa mtu wa makini, akanieleza kwamba matumaini yale ni ya kweli, siku moja huenda watu kama Athieno wakapewa bakteria waliovalishwa vizuri, lakini kutoka kwa panya mpaka kwa binti yangu kuna njia ndefu, na si ya kukatiza shambani. Kwa sasa vidonge, kwa saa zake, na asiache kula. Nikamshukuru, naye akafungua dirisha.

Habari ilifika Nagongera kabla ya gari la Oketcho. Ilisema nimekamatwa nikivusha malwa kwenda Kenya nikitumia mtoto mgonjwa kama kisingizio. Baraza la kanisa liliniita, nami nikasimama nikawaeleza wazee wenzangu habari za utumbo, bakteria wema na chembe za nano, kwa kirefu. Mwishowe mwenyekiti akasema baraza limeridhika kwamba sikulewa, na linanishauri nibaki kwenye Maandiko.

Athieno amerudi darasani, vipindi vya asubuhi. Zipo siku anakuja nyumbani mapema, ameinama, na siku hizo hatuulizi. Lakini anakula, na kila mwezi tunakwenda Busia.

Mimi nimeweka nadhiri mbili. Kitu nisichoweza kukitaja kwa neno moja sitakibeba kuvuka mpaka, na dawa ya mtoto wangu nitaipokea kutoka kwa mwenye kuijua, hata kama anakwenda polepole kuliko subira yangu. Nadhiri ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa wale panya bado nawaombea, na mtu akiombea kitu kila siku, mikono humwasha kusaidia.

Pale mpakani doa bado liko kwenye dari, la rangi ya udongo, ukubwa wa sahani hivi. Limepakwa rangi juu, likajitokeza tena. Kila tukipita, Athieno humwonyesha msafiri aliye karibu naye doa hilo kwa kidole, akaanza kumsimulia tangu mwanzo, kwa sauti ya mwalimu, habari yangu na habari ya tumbo lake pia, nami husimama kando na kusubiri amalize.